Kiwanja kimekamatwa na mahakama, nimekata rufaa, naweza kuuza?

Dada mmoja wa Ipagala ameuliza: "Wakili shikamoo, nilishindwa kesi ya deni la milioni 18 Mahakama ya Wilaya, kiwanja changu kikakamatwa, nimekata rufaa Mahakama Kuu na sasa nimepata mteja. Zuio si limeshaisha nguvu maana rufaa ipo?"

Marahaba dada yangu. Halijaisha, na nakuomba sana usipokee hata adivansi ya huyo mteja kwanza. Rufaa peke yake haisimamishi chochote, Amri ya 39 kanuni ya 5 ya Sheria ya Mwenendo wa Madai imelisema wazi, na ukiuza kitu kilichokamatwa mauzo hayo hayana nguvu dhidi ya aliyekushinda, mteja atakugeukia wewe.

Wengi wanachanganya hapa. Stei, yaani amri ya kusimamisha utekelezaji wa hukumu, inamzuia dalali wa mahakama asipige mnada, basi, kiwanja kinabaki kimefungwa vile vile. Na stei yenyewe haitoki bure, unaapa kiapo uonyeshe utapata hasara kubwa, hukuchelewa kuomba, na unaweka dhamana. Kama dalali ameshakupa notisi kimbilia hiyo leo leo.

Kukifungua kiwanja ni habari nyingine: deni na gharama zilipwe mahakamani, au hukumu itenguliwe, au mkubaliane na mwenzio aliyekushinda. Wewe kwa kuwa mteja unaye mimi ningeenda na makubaliano, mtafute wakili wa upande wa pili muandike kwamba mteja anaweka milioni 18 na gharama mahakamani, pesa ikae pale pale mpaka rufaa iamuliwe, na kiwanja kiachiwe, halafu mahakama iyarekodi yawe amri. Ukishinda pesa yako inarudi, ukishindwa deni limekwisha. Mwenzio naye mara nyingi anakubali, pesa iliyoko mahakamani ni nzuri kuliko mnada usio na wateja.

Amri ikitoka usiifungie kabatini! Nimeshakutana na mtu ana amri ina muhuri kabisa lakini hakuipeleka kwa Msajili wa Hati, mteja kafanya sechi, yaani kupekua rekodi za kiwanja kwa Msajili, kakuta zuio bado limeandikwa, kaondoka na hela yake. Ipeleke, subiri wafute, lipia sechi mpya usome mwenyewe sehemu ya vizuizi. Na kama karatasi zako bado ni za CDA, ile Mamlaka ya Ustawishaji Makao Makuu iliyovunjwa 2017, pitia idara ya ardhi ya Jiji la Dodoma kwanza wakuangalizie faili, ndio umuite mteja.