Kaniambia nimpikie chai, ndo tiba hiyo?

SWALI: Asalamu alaykum bi mkubwa. Mie nna miaka 34, nipo Wete kwa mama, huu mwezi wa nane toka nitoke kwa mume. Kipigo kilikuwa hakiishi, mara ya mwisho alinikaba shingo mpaka nkazimia na kichwa akanigonga nacho ukutani. Zamani nkishona kofia za viua watu wanagombania, sasa nakaa na kitambaa kutwa hata kiua kimoja hakitoki, chungu nakiunguza, nkitumwa dukani nafika nshasahau nlichofata. Mama anasema uvivu, khalati anasema jini. Nkapelekwa hospitali kwa mtu wa tiba kwa vitendo, nlidhani ntapewa dawa, kaniuliza tu siku yangu inapitaje kisha ati nimpikie chai! Ndo tiba hiyo? Na kofia ya kaka yangu toka Ramadhani ipo ipo tu.
Mama Viua

JIBU: Waalaykum salaam mwanangu. Pole sana, na ndio, ndo tiba hiyo.

Yule wa tiba kwa vitendo kazi yake kumrudisha mtu kwenye shughuli zake za kila siku, hakutaka chai yako. Alikuwa anakutizama, maji umeyateleka kwanza au umeanza na sukari, tangawizi umeikumbuka, mkono unatetemeka, mfuniko ulipoanguka ulishtuka ukatizama mlangoni? Chai ina hatua nyingi kuliko tunavodhani, na mtu aliyeishi miaka anasikiliza viatu vya mume barazani akili yake yote ishahamia mlangoni, ya kushika sindano haikubakia. Huo sio uvivu. Na hilo la kukabwa na kugongwa kichwa mwambie daktari wazi wazi hata kama limepita zamani, shingo ikibanwa ubongo unakosa hewa na damu, kusahau kunaweza kutokea hapo. Wengi wanaonesha mkono uliovunjika, shingo wanainyamazia kwa vile haina alama.

Khalati mwambie kisomo asome, hakigombani na hii.

Sasa kazi yenyewe. Usianze na kofia, kofia ni kubwa. Chukua kipande cha kitambaa kibovu, mstari mmoja wa viua, dakika kumi, asubuhi ukiwa umelala vizuri sio baada ya Isha macho yashachoka, na ukae mgongo ukutani mlango unauona, maana ukiupa mlango mgongo utageuka kila saa na sindano itakuchoma. Dakika zikiisha weka chini hata kama unataka kuendelea. Chungu kitegeshee alam ya simu. Dukani nenda na karatasi. Halafu soko, kwanza na mdogo wako, siku nyingine mwenyewe, na samaki uchague wewe, changu au pweza, hilo wengine wataliona dogo lakini kama mume ndo aliyekuwa akiamua kila kitu mpaka kitoweo basi kuchagua nako kunasahaulika, kunajifunzwa upya. Hela ya kofia iingie kwenye simu yako, namba ya siri ubadilishe.

Niseme na jambo linaloniudhi: kila mwanamke akipigwa watu wanamkimbizia cherehani na kikundi cha mwani. Vizuri, ila kama hata usingizi haujarudi utamuingizaje mtu baharini alfajiri? Huyu mtaalamu wa tiba kwa vitendo anaanza na usingizi, kuoga, kupika, watoto, kisha ndo kazi ya kipato. Fani hii husomewa hospitali ya KCMC Moshi na wataalamu wake wachache, kwa hivo ukimpata mmoja usimuache kwa ajili ya chai.

Mume akianza kukufata nenda kwa sheha na dawati la jinsia polisi, au kituo cha Mkono kwa Mkono, vile vilivoanzia hospitali ya Mnazi Mmoja Unguja 2011, huko daktari, polisi na mshauri unawakuta pamoja, huzungushwi na maumivu yako ofisi kwa ofisi.

Mama yako nenda naye klinik siku moja, akuone ukipika. Na kaka mwambie avae ile ya Idi iliyopita.