Selsiasi na Farenhaiti kwa watoto: kanuni ije mwisho

Watoto wetu huisikia Selsiasi kila siku katika utabiri wa hali ya hewa, lakini Farenhaiti huwajia kwa ghafla: kwenye kipimajoto cha duka la dawa, kwenye oveni iliyoletwa kutoka Marekani, au pale shangazi aishiye Minneapolis anapopiga simu mwezi Januari na kusema kwamba kwao leo ni nyuzi 20 na barafu imetanda barabarani. Mtoto wa Dar es Salaam, ambaye kwake nyuzi 20 ni asubuhi ya kuvaa sweta, ataona shangazi anatia chumvi. Swali lake hilo ndilo mlango mzuri wa somo, kwa hiyo usilijibu haraka.

Wazazi wengi, na walimu pia, hukimbilia kanuni: zidisha kwa 9, gawanya kwa 5, kisha jumlisha 32. Mtoto huikariri na kupata vema zote, halafu baada ya muda hujumlisha kwanza na kuzidisha baadaye, akatoa jibu kwamba mwili wa mtu mzima wa afya una nyuzi 124 za Farenhaiti, wala hashtuki, kwa kuwa namba hizo hazijamgusa popote.

Katika kuwafundisha wanangu na wenzao wanaokuja nyumbani, nimeona kwamba karatasi moja ya manila inatosha. Chora mstari wima, Selsiasi kushoto na Farenhaiti kulia. Chini, maji yanapoganda, andika 0 na 32. Juu, yanapochemka, andika 100 na 212. (Hiyo 100 ni ya usawa wa bahari; Nairobi, kwa sababu ya mwinuko, maji huchemka karibu na nyuzi 95, na mtoto mdadisi anastahili kuambiwa.) Sasa muulize: katikati kabisa ya mstari pana namba gani? Kushoto atasema 50 bila kufikiri. Kulia, karibu kila mtoto husema 106, yaani nusu ya 212. Usimsahihishe. Mwambie ahesabu hatua zilizopo kati ya 32 na 212. Atapata 180, nusu yake ni 90, na akianzia 32 atafika 122. Akishalitambua kosa lake mwenyewe, ameelewa mambo mawili ambayo kanuni nzima imejengwa juu yake: skeli hizi hazianzii mahali pamoja, na hatua zake hazilingani, kwa kuwa hatua 100 za kushoto ni hatua 180 za kulia, sawa na 5 kwa 9. Baada ya hapo, kanuni ataiunda mwenyewe, na hutakuwa na haja ya kumkumbusha kwamba akitoka Farenhaiti huanza kwa kutoa 32.

Hapo ndipo pa kumwonyesha tofauti kati ya kiwango cha joto na badiliko la joto. Homa ikipanda kwa nyuzi 1 ya Selsiasi, imepanda kwa 1.8 ya Farenhaiti, si 33.8, maana katika badiliko ile 32 haiingii kabisa. Hata watu wazima hujikwaa hapa.

Historia kidogo husaidia. Fahrenheit alichapisha skeli yake mwaka 1724, na Celsius akafuata mwaka 1742, ila ya Celsius mwanzoni ilikuwa kichwa chini: maji yalichemka kwa 0 na kuganda kwa 100. Watoto hucheka, kisha huona kwamba namba hizi ni makubaliano ya watu tu. Kelvini, skeli ya joto ya wanasayansi, iache mpaka sekondari. Hatua zake ni sawa na za Selsiasi, na kuongeza 273 hakumsumbui mtu.

Kwa hesabu ya kichwani, mpe njia hii: zidisha Selsiasi mara mbili, punguza sehemu moja ya kumi ya jibu, ongeza 32. Nyuzi 30 huwa 60, kisha 54, kisha 86, na jibu ni kamili, si la kukadiria.

Mwishowe urefushe mstari chini ya sifuri na umwachie fumbo: ni wapi pande zote mbili zinasoma namba moja? Ataandika 0 na 32, -10 na 14, -20 na -4, na kuona kwamba kila hatua 10 za Selsiasi pengo hupungua kwa 8. Akiendelea hivyo atafika -40 bila kuigusa kanuni.