Usimlipe huyo mkufunzi Ijumaa: yaliyonipata Yala

Dada wa Ahero, usilipe. Nimesoma swali lako mara mbili na moyo umenienda mbio, kwa hiyo utanisamehe ninapoingia bila hodi. Unasema umekuwa mfawidhi wa sherehe kwa miaka mitatu, katika ayie (sherehe ya Waluo ya kukubaliana posa nyumbani kwa bibi harusi), mazishi na hafla za vikundi vya akina mama. Kwamba mteja mmoja wa mtaa wa kitajiri wa Milimani amekuambia unasikika kama mtu wa kijijini. Kwamba Ijumaa hii utampa mkufunzi Sh30,000 za kwanza ili akuondolee lafudhi. Na unauliza pia kama ubadilishe jina unalotangazia kazi, ununue spika za ukubwa gani na upange bei vipi. Mimi nimefanya kazi hiyo hapa Kisumu tangu mwaka wa 2010, na mkufunzi wangu nilimlipa.

Mwaka wa 2019 nilikopa Sh70,000 kwenye Sacco nikajiandikisha kwa bwana mmoja wa Nakuru, ambaye jina lake nalificha kwa sababu namjua: atalifanya hata hili kuwa tangazo. Kwa wiki sita nilipanda matatu kila Ijumaa jioni, nikapitia Kericho, nikarudi Jumapili, yaani nilipita Salgaa, mahali palipojulikana kwa ajali, mara 12 huku nikisali, ili kila Jumamosi niketi na penseli katikati ya meno nikijifunza kutamka 'shamba'. Unajua kama ninavyojua mimi kwamba Dholuo, lugha ya Waluo, haina sauti ya 'sh' wala ya 'z', na kwamba ulimi uliolelewa nayo hukutana na sauti hizo ukazigeuza 's' bila kumwomba mtu ruhusa. Bwana yule aliliita jambo hilo doa. Nilikuwa nimesema 'silingi' kwa miaka tisa, na sikumbuki silingi hata moja iliyokataa kuingia mfukoni mwangu kwa sababu ya matamshi, lakini nilipoambiwa nina doa niliona haya kama mtu aliyevaa shati kinyume.

Hata hivyo, lafudhi haikuwa hasara yenyewe. Nilikuwa na daftari. Siku moja kabla ya kila shughuli nilikwenda katika boma husika nikakaa jikoni na akina mama wanaomenya viazi, nikaandika nani anaitwaje kwa jina la sifa, nani ni mjukuu wa nani, mzee yupi hutaniwa kwa nini, na kaburi la nani lisitajwe kwa mzaha. Nyanya yangu alikuwa msemaji wa namna hiyo katika kijiji chetu, na nilimwiga bila kujua kwamba ninaiga. Mkufunzi alilipekua daftari hilo, akacheka, akasema mfawidhi wa kisasa hutumia kadi za ratiba na huheshimu saa. Nililiacha juu ya kabati. Alinifundisha pia kunywa maji ya uvuguvugu kabla ya kushika maikrofoni, na hilo namshukuru, ingawa kwa Sh70,000 ningeweza kununua birika nyingi sana.

Sasa nikueleze kuhusu Yala. Ilikuwa ayie, Agosti mwaka huohuo, shughuli yangu ya kwanza baada ya mafunzo, nikiwa na suti mpya ya buluu na kadi zangu mkononi. Watu wa bwana harusi walikuwa wamekwisha kupokelewa, chakula kimeliwa, na kikundi cha ohangla, muziki wa ngoma wa Waluo, kilikuwa kimeanza kupasha ngoma moto. Ndipo jaduong' (mzee) mmoja, mjomba wa bibi harusi, alipoinuka polepole kwa mkongojo wake, akanyanyua noti ya elfu moja juu ya kichwa na kuwaashiria wapigaji wanyamaze. Huhitaji kuelezwa na mimi hiyo ni nini, lakini kuna wengine humu wasiojua: ni pakruok, ambapo mtu hulipa ili muziki usimame, naye ajisifu, awasifu watu wake, ataje alikotoka na jina alilopewa na marafiki, kisha ngoma ziinuke tena kumpokea. Ngoma zilinyamaza. Mzee akaanza kwa jina la mama yake. Nami nilitazama saa, nikaona tumepitwa na dakika 25 kulingana na kadi, nikasogeza maikrofoni mdomoni na kusema kwa sauti ile ya Nakuru, sauti niliyoilipia: "Ashante shana mzee, shasa muda wetu umekwisha."

Ndiyo, ulimi ulikuwa umefunzwa 'sh' hadi ukaanza kuigawa kila mahali kama njugu za harusini. Hakuna aliyecheka. Mzee aliikunja ile noti mara mbili, kisha mara ya tatu, akairudisha mfukoni na kuketi, na kimya kilichofuata kilikuwa kirefu kuliko hotuba yoyote niliyowahi kuitoa. Mtoto mmoja nyuma ya hema ndiye aliyekivunja kwa kurudia "ashante shana", na hadi leo, nikishuka stendi ya Yala, kuna waendeshaji boda wanaoniita Ashante. Nimekubali jina hilo, kwa kuwa nilililipia.

Hasara haikuishia kwenye aibu. Fedha za pakruok huwa za wapigaji, na wageni wengine waliokuwa wameshika noti tayari walizirudisha mifukoni walipoona yaliyompata mzee, kwa hiyo kikundi kile kilipiga ngoma hadi usiku na kuondoka karibu mikono mitupu. Nilikuwa sijawahi kufikiria kwamba nusu ya kazi zangu zilitoka kwa wapigaji ngoma, kwa maana mwenye boma humwita mpigaji kwanza, kisha humuuliza ni mfawidhi gani wanayeelewana naye. Desemba ya 2018 nilikuwa na shughuli 11. Desemba ya 2019 nilikuwa na tatu, mbili kati ya hizo za jamaa zangu. Nilikuwa nikijipa moyo kwamba mwaka uliofuata ungekuwa mzuri, lakini Machi 2020 mikusanyiko ikapigwa marufuku kwa sababu ya korona, huku Sacco ikiendelea kukata mkopo kana kwamba haikusikia habari.

Nilimpigia mkufunzi. Aliniambia tatizo ni kwamba sikujiandikisha kwa kozi ya pili. Huyo ndiye mtu anayetaka kukufundisha wewe, au ndugu yake, kwa maana wote husema yaleyale: kwanza wanakuonyesha kilicho chako na kukiita ugonjwa, kisha wanakuuzia dawa. Ukutani kwake alikuwa ametundika gitaa la mapambo, na nimejuta kutomwambia kwamba watu wa Nyanza walioanzisha muziki wa benga walilichukua gitaa hilohilo na kulilazimisha lidonoe kama nyatiti, ala ya Waluo ya nyuzi nane, wala hawakumlipa mtu awatoe nyatiti vidoleni.

Kwa hiyo nakupa jambo moja tu, nami nilifika hapo nikiwa nimechelewa mno: kabla hujabadilisha chochote, waulize waliokuita mara ya pili kwa nini walikuita. Usimuulize aliyekukosoa mara moja huko Milimani, ambaye hata huonyeshi kama alikulipa. Usimuulize mkufunzi. Usiniulize mimi. Chukua simu, tafuta watu watano waliokurudia, na usiwatajie lafudhi. Uliza tu kwa nini, kisha nyamaza uwasikilize. Mimi nilifanya hivyo mwaka wa 2021, nikiwa nimekaa sakafuni na daftari la zamani magotini, nikitarajia wataniambia nina bei nafuu, jambo ambalo, nakiri, mmoja alilisema.

Hakuna aliyetaja 'silingi'. Mwalimu mmoja mstaafu wa Nyahera, ambaye nilimwendeshea mazishi ya mama yake na baadaye harusi ya bintiye, alinyamaza kidogo kwenye simu, kisha akaniambia kwamba siku ile ya mazishi nilimtaja marehemu kwa jina ambalo baba yao pekee ndiye aliyekuwa akimwita, na kwamba hadi leo nduguze huulizana nililipata wapi. Nililipata jikoni, kutoka kwa mama mmoja aliyekuwa akimenya viazi. Nikamwomba msamaha kwa kumsumbua, nikakata simu, nikatafuta kalamu.