Muulize Bibi Fundi: Shingo ya twiga

SWALI: Shikamoo Bibi Fundi. Ijumaa shuleni kwa mwanangu wa miaka 6 kuna mashindano ya mavazi, naye kang'ang'ania kuwa twiga. Nina shuka la njano na maboksi mawili. Cherehani sina. Shingo niifanyeje? Mama Twiga, Tanga.

JIBU: Marahaba, mwanangu. Boksi weka kando. Mimi nilimtwisha mjukuu wangu shingo ya boksi. Kufika jukwaani ikampinda, watu wakadhani ni ngamia mgonjwa.

Chukua kofia inayombana vizuri. Kata godoro bovu kipande cha urefu wa mkono wako toka kiwiko hadi vidole, kikunje kiwe bomba, kivishe soksi ndefu ya njano, kisha ukishone juu ya kofia kwa sindano ya mkono na uzi mara mbili. Ongeza lastiki chini ya kidevu. Pembe ni vijiti viwili vilivyozungushiwa uzi mweusi. Uso wa mtoto uache wazi, joto la Tanga unalijua.

Shuka likunje, toboa tundu la kichwa, pindo liishie magotini asije akajikwaa. Mabaka piga kwa sponji na rangi ya maji ya kahawia Jumatano, yakauke. Usichore miduara! Twiga wetu wa huku mabaka yake yana ncha ncha kama majani.

Na mfundishe aseme jukwaani: "Shingo yangu ina mifupa 7, sawa na yako, mwalimu."