Jumanne Hakuna Udhuru

Mhariri, swali lenu la wiki hii linauliza ni kitu gani kinachoishika familia kubwa isitawanyike katika jiji kama Dar es Salaam. Kwetu ni mazoezi ya muziki ya Jumanne usiku. Nitaeleza kwa kuupitia mwaka 2024, kwa sababu ulitupima kweli kweli.

Sisi ni watu wa Buguruni. Bibi yangu mzaa mama ni Mzaramo na Mwislamu. Marehemu babu alikuwa Mluguru na Mkatoliki, aliyeshuka mjini kutoka Morogoro akiwa kijana. Walioana, kila mmoja akabaki na dini yake, na watoto wao wakagawanyika wengine kanisani, wengine msikitini. Nyumba ni ile ya Kiswahili: vyumba sita, korido katikati, ua nyuma. Wengi wetu tumeshahamia Tabata, Mbagala na Gongo la Mboto, lakini ua ule bado ni wetu sote.

Babu alipiga tarumbeta katika bendi za taasisi za umma. Vijana wetu huona ajabu wakisikia kwamba mwanamuziki aliwahi kupokea mshahara wa mwezi kama karani, lakini ndivyo ilivyokuwa. NUTA Jazz, iliyoanzishwa 1964, ilikuwa bendi ya chama cha wafanyakazi, na chama kilipobadili jina bendi nayo ikabadili: ikawa JUWATA, ikawa OTTU, leo ni Msondo Ngoma. Mlimani Park ilizaliwa 1978, baadaye ikawa chini ya DDC, shirika la maendeleo la jiji. Umoja wa Vijana ulikuwa na Vijana Jazz, Polisi walikuwa na bendi yao, Jeshi nao hivyo hivyo. Ala zilikuwa za mwajiri na mazoezi yalikuwa kazi yenye muda wake wa kuingia na kutoka. Hapo ndipo babu alipopata ule msimamo alioulea nyumbani. Watu hutuambia muziki tumezaliwa nao. Mimi sikubali. Mtoto hujifunza tromboni kwa sababu ndani ya nyumba ipo tromboni, yupo mtu mzima mwenye subira, na ipo siku moja ya wiki ambayo hakuna anayeruhusiwa kusema amechoka.

Siku hiyo ni Jumanne, kwa kuwa wikiendi si yetu. Ijumaa kuna send-off, Jumamosi kuna harusi, Jumapili kuna misa asubuhi na kitchen party jioni. Mjomba mkubwa ana kundi la matarumbeta, lile linalopanda pikapu na kutangulia mbele ya gari la maharusi: tarumbeta, tromboni, besi ya kubeba begani, ngoma kubwa na ngoma ndogo. Mama ni mwalimu wa kwaya parokiani. Mama mdogo anafundisha madrasa na vijana wake wanaimba kaswida kwa dufu. Binamu yangu mmoja anatengeneza singeli, muziki wa vijana wa mwendo wa kasi, kwenye kompyuta chumbani kwake. Mimi naimba sauti ya pili na ndiye mtunza daftari la kazi, kwa hiyo najua nani anatakiwa wapi, saa ngapi, na nani bado hajalipwa.

Mwaka 2024 ulianza kwa mbio. Jumatano ya Majivu ilikuwa tarehe 14 Februari, na Wakatoliki hawapendi kufunga ndoa ndani ya Kwaresima, kwa hiyo harusi za kanisani zilijazana Januari na wiki mbili za mwanzo wa Februari. Mara baada ya hapo ikawa zamu ya Waislamu, maana watu wa Pwani hupenda kuoana mwezi wa Shaabani kabla Ramadhani haijaingia. Mjomba alikuwa anatoka Kinyerezi anakwenda Kigamboni siku moja. Midomo ya wapigaji ilivimba. Tarehe 29 Februari akafariki Mzee Ali Hassan Mwinyi, Rais wetu wa awamu ya pili, na yakatangazwa maombolezo ya kitaifa ya siku saba. Mjomba hakupandisha tarumbeta kwenye pikapu hata mara moja katika siku hizo. Alinunua tromboni yake ya kwanza, ya mtumba, wakati wa utawala wake, enzi za Mzee Ruksa kama alivyoitwa, na alisema deni la heshima hulipwa kwa kunyamaza.

Ramadhani ikaingia tarehe 12 Machi, na hapo kazi zikakauka. Kwa familia inayokula kwa sherehe za watu wengine, huo ndio wakati mgumu wa mwaka, na kila mwaka huja mapema kwa siku kama 11 kuliko mwaka uliotangulia, kwa kuwa unafuata mwezi. Safari hii ulikutana na Kwaresima. Nyumba nzima ilikuwa inafunga. Mazoezi hayakusimama, yalisogezwa tu hadi baada ya tarawehe, na hapakupigwa ala. Mama alitumia wiki zile kuwafundisha watoto nota. Anaanza na do re mi za kuimba kwa mkono: mkono ukipanda, sauti inapanda. Baadaye anaandika herufi ubaoni, kisha anagawa sauti nne. Anayeteleza anarudishwa peke yake mbele ya wote, na hachekwi. Sheria ya kutocheka ni ya babu, na naiona kuwa ndiyo iliyowafanya hata wenye aibu wakaimba.

Pasaka ikaangukia tarehe 31 Machi, katikati ya Ramadhani. Usiku wa mkesha mama na wanakwaya wa nyumbani walikuwa kanisani. Wanaojua misa za Kikatoliki wanafahamu kuwa Aleluya haiimbwi Kwaresima nzima, na Utukufu husikika Alhamisi Kuu kisha hunyamaza tena hadi mkesha huo, unaporudi na kengele. Walirudi saa nane usiku, sauti zimekauka, wana njaa ya watu waliomaliza mfungo. Uani walimkuta bibi na mama mdogo wameshawasha mkaa kwa ajili ya daku, na nje vijana wa mtaani wanapita wakipiga makopo na ngoma kuamsha watu. Mkeka ulikuwa mmoja. Waliofungua mfungo wa siku 40 na waliojiandaa kuendelea na wao wakala wali wa nazi na maharage kwenye sinia moja, huku mama akimwimbia bibi kipande cha Utukufu alichokihangaikia miezi miwili, kwa sauti ya chini ili wasiamke watoto wadogo. Bibi alimsikiliza hadi mwisho, akasema sauti ya tatu inachelewa. Na kweli ilikuwa inachelewa, mama mwenyewe alikiri.

Masika ya mwaka ule sitayasahau. Mvua ilinyesha Aprili yote, Jangwani barabara ikafungwa zaidi ya mara moja, na mapema Mei tukawa tunasikiliza taarifa za Kimbunga Hidaya kilipoikaribia Mafia. Mjomba alipandisha ala zote juu ya kabati na vitanda. Maji hayakufika, lakini unyevu ulifika. Ngozi ya ngoma ikivuta unyevu inalegea na mlio unakufa, kwa hiyo kabla ya kila mazoezi mtu alitangulia kuwasha moto wa makaratasi na kuzipasha ngoma hadi zipandishe sauti. Nyuzi za gitaa nazo zilishika kutu. Kazi ya kupasha ngoma alipewa yule binamu wa singeli.

Nimzungumzie kidogo, kwa sababu watu hudhani katika nyumba kama yetu wazee na vijana wanagombana kuhusu muziki kila siku. Singeli imezaliwa uswahilini kwetu, Manzese, Tandale na kwingineko, na mapigo yake hupita 200 kwa dakika. Mjomba haipendi na hajawahi kusema anaipenda. Hakumkataza kijana, ila alimwambia Jumanne atabeba ngoma kubwa ya matarumbeta, ile isiyohitaji mbwembwe, inayopiga pigo la kwanza na la tatu mwendo mzima. Kijana akakubali. Leo ndiye anayeshika mwendo kuliko wote, na mjomba humtafuta yeye kwanza harusi ikiwa kubwa. Wanaishi hivyo, kila mmoja na muziki wake, wakikutana kwenye ngoma moja.

Jambo lililonionyesha nguvu ya mazoezi lilitokea katikati ya mwaka. Dada yake babu alifariki Morogoro, siku ya Ijumaa. Mazishi yalipangwa Jumapili. Jumamosi tulikuwa na harusi ambayo malipo ya awali yalikuwa yameshapokelewa na kutumika, nusu yake kwa ada. Kuikimbia harusi ya mtu siku moja kabla ni dhuluma: kamati imechangisha watu miezi mingi, kadi zimegawiwa, na bibi harusi hana kosa. Kutokwenda kumzika dada yake babu nako haiwezekani. Tulikaa uani usiku ule tukajigawa. Bibi, mama na wazee wakaondoka alfajiri. Sisi tukavaa sare, tukapanda pikapu, tukampeleka bibi harusi kutoka kanisani hadi ukumbini Sinza kwa nyimbo za furaha, huku sehemu za binamu wawili walioondoka na wazee zikipigwa na watoto wa miaka 14 na 15. Hawakuwahi kupanda pikapu kabla. Lakini walikuwa wamezipiga nyimbo zile kila Jumanne tangu wakiwa darasa la tatu, hivyo hakuna mgeni aliyejua kuna mtu hayupo.

Jioni tukakimbilia stesheni ya SGR, reli mpya ya kisasa. Treni ile ilianza kubeba abiria kati ya Dar na Morogoro mwezi Juni, na kwetu ilikuwa mara ya kwanza kuipanda. Safari haichukui hata saa mbili. Kwa basi tungefika usiku mkubwa, hoi. Asubuhi tulisimama kaburini na sauti zote nne zilikuwepo. Waliolia walilia, lakini sauti moja ikikatika jirani yake aliibeba hadi mwenye nayo aliporudi. Hilo halipangwi siku ya msiba. Watu wanalizoea miaka kwa miaka, wakisikilizana uani wakati hakuna jambo lolote kubwa.

Nusu ya pili ya mwaka ilikwenda kasi, sitaisimulia yote. Saba Saba tulipiga kazi. Septemba ikaja Maulidi, na kwa wiki tatu mama alikaa na mabinti wa madrasa koridoni kuwafundisha kuvuta pumzi na kuibana tumboni, maneno akimwachia mama mdogo na ustadhi wao kwa kuwa hayo si yake. Novemba 22 kwaya ilisherehekea Mtakatifu Sesilia, somo wa wanamuziki. Siku chache baadaye, tarehe 27, ukawa uchaguzi wa serikali za mitaa. Kundi letu liliitwa kwenye kampeni na mjomba akakataa kazi zote, ingawa pesa ilikuwa nzuri. Ndani ya nyumba tuna wapenzi wa vyama tofauti, na alisema haiwezekani mtu ampigie tarumbeta mgombea ambaye nduguye anampinga, kisha Jumanne wakae benchi moja. Nilikuwa na daftari mkononi na niliona tulichokipoteza, lakini naunga mkono uamuzi wake hadi leo.

Naijua gharama ya maisha haya, Mhariri. Watoto wetu hawajui wikiendi. Sikukuu ya kila mtu kwetu ni siku ya kazi, na Krismasi tunaila tarehe 27. Wapo waliooa na kuolewa nje wakaona utaratibu huu ni mzigo, na shemeji yangu mmoja alishaniuliza kwa nini mke wake hana Jumanne. Sasa hivi anakuja naye. Haimbi, lakini alikuta spika zinalia mlio mbaya akazifungua, na tangu hapo mitambo ni yake. Katika kundi la sauti nne na ala nane kila mtu ana mahali ambapo asipokuwepo panasikika. Mtu anayejua kwamba atatafutwa hapotei mjini kirahisi. Ndugu wa familia nyingine ninazozijua hukutana msibani na harusini tu, na wakikutana hawana la kufanya pamoja zaidi ya kula na kuulizana habari.

Mwaka uliofuata, 2025, ulitubana zaidi. Ramadhani iliingia mwanzoni mwa Machi na Jumatano ya Majivu ilikuwa tarehe 5 Machi, kwa hiyo harusi za pande zote mbili zilibanana Januari na Februari, na daftari likajaa Jumamosi zote. Mjomba aligawa kundi mara mbili. La pili aliachiwa aliongoze yule binti wa miaka 15 aliyepiga Sinza, chini ya uangalizi wa mama yake, na tulichanga tukamnunulia tromboni ya mtumba Kariakoo. Haina pistoni, na bomba lake la kuvuta lilikuwa limekwama, shemeji akalilainisha. Jumanne ile alianza na nyimbo sita za kuingilia ukumbini.