Ruti ya kwenda na ruti ya kurudi

Wadogo zangu mnaoanza kazi za mtandao hapa Tanga, nimewaona tena mkikesha na swichi kwa kosa lile lile la kila mwaka: kuweka ruti, yaani njia ya pakiti, ya kwenda na kusahau ya kurudi. Nawapenda, ndiyo maana naandika. Someni mpaka mwisho.

1. Anza na `ip routing`, amri inayoiwezesha swichi kupitisha pakiti kati ya mitandao. Kwenye Catalyst nyingi, hizi swichi za Cisco, haijawashwa, na `ip default-gateway` inaisaidia swichi yenyewe tu, si kompyuta zilizo nyuma yake.

2. Pakiti ikienda lazima irudi. Hapa ndipo mnaponiumiza kichwa.

Kijana mmoja, fundi hodari kabisa, aliunganisha ofisi ya Chumbageni, 10.10.10.0, na ghala la Pongwe, 10.10.20.0. Katikati kiungo cha 172.16.0.0/30, Chumbageni ikiwa 172.16.0.1 na Pongwe 172.16.0.2. Kwenye swichi ya Chumbageni akaandika:

`ip route 10.10.20.0 255.255.255.0 172.16.0.2`

Akapiga pingi 10.10.20.1, jaribio la kuona kama jibu linarudi, palepale kwenye swichi, alama za mshangao za kufaulu zikajipanga, akafunga kabati akaenda zake. Asubuhi hakuna karani aliyeweza kufungua mfumo wa ghala. Akabadilisha kebo. Akabadilisha moduli ya faiba. Akaanza kuwalaumu watu wa kampuni ya simu, masikini, hawana hatia.

Pingi yake ilitoka na anwani ya 172.16.0.1, na Pongwe inaifahamu kwa sababu imeungana nayo moja kwa moja. Kompyuta ya karani inatoka na 10.10.10.25. Ombi lake lilifika ghalani salama, seva ikajibu, ila swichi ya Pongwe haikuwa na ruti ya kwenda 10.10.10.0, jibu likatupwa. Na ingekuwa na ruti ya 0.0.0.0 kuelekea intaneti, jibu lingepotelea huko, na kulitafuta ni kazi zaidi.

Nikamwambia arudie, safari hii pingi itoke na anwani ya swichi iliyo upande wa makarani:

`ping 10.10.20.1 source vlan 10`

Nukta tano za kukosa jibu, moja moja, taratibu. Akaziangalia, akanyamaza, kisha mwenyewe akaingia swichi ya Pongwe akaandika `ip route 10.10.10.0 255.255.255.0 172.16.0.1`. Sikumwambia neno, na nilifurahi sana. Basi pingi isiyo na `source` usiniletee kama ushahidi.

3. Ruti ya akiba ipeni namba kubwa mwishoni mwa amri, mfano 250, maana ruti tuli ya kawaida, ile ya kuandika kwa mkono, ni 1, na namba ndogo ndiyo hushinda. Lakini jueni kwamba ruti kuu haiondoki kwenye jedwali mpaka kiolesura chake kife. Kiungo kikikatika mbele huko huku poti yako inawaka kijani, swichi itaendelea kutupa pakiti shimoni. Wekeni IP SLA, inayopima kila mara kama upande wa pili unajibu, na `track`, inayoiondoa ruti kuu jibu likikosekana.

4. Ukiwa mbali, hifadhi usanidi mzima uliopo, kisha andika `reload in 10`, swichi ijiwashe upya baada ya dakika 10, kabla ya kugusa ruti. Ukijifungia nje, swichi itawaka upya na usanidi wa zamani, nawe umeokoa safari ya Pongwe usiku. Mambo yakikaa sawa, `reload cancel` kuifuta, halafu `write memory` kuhifadhi hapo hapo, kabla umeme haujakatika.