Nina milioni 2, kamati inataka milioni 11: je, harusi ndogo ina kasoro katika dini?

SWALI

Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh. Sheikh, shikamoo. Mimi ni kijana wa miaka 27, fundi pikipiki hapa Tanga. Posa yangu imekubaliwa, na mahari, shilingi 500,000 na Msahafu, nimeshaitoa yote. Nilichobaki nacho mkononi ni milioni 2. Ndugu zangu wameunda kamati ya harusi, wamekaa vikao vitatu, na bajeti imefika milioni 11: ukumbi, mapambo, mshereheshaji, keki, magari, sare za kamati na mpiga video. Wanategemea michango ya kadi, na kwa kitakachopungua mjomba ameniambia nichukue mkopo, kwani aibu ya harusi haifutiki. Mchumba wangu anasema hana neno, ila anatamani siku yake ipendeze. Je, nikifanya harusi ndogo nitakuwa nimempunguzia haki yake, au nimewadharau wakwe? Na hii michango, hukumu yake ni nini?

JIBU

Waalaykumus salaam warahmatullahi wabarakatuh. Marahaba, mwanangu. Nimefurahi kwamba mahari umeitoa kwanza. Wengi wanaonijia wamekwisha kulipia ukumbi mpaka senti ya mwisho, na mahari inasomwa "nusu taslimu, nusu deni". Kuahirisha mahari kunaruhusiwa, lakini tazama kilichotangulizwa na kilichocheleweshwa! Mahari ndiyo haki ya mke iliyotajwa katika Suratun-Nisaa, aya ya 4. Ukumbi haukutajwa popote.

Jibu la swali lako la kwanza: hapana, hukumpunguzia chochote. Kwa madhehebu yetu ya Shafii nguzo za ndoa ni tano: mume, mke, walii (msimamizi wa mke anayemwoza), mashahidi wawili waadilifu, na tamko la kuoza na kukubali. Mahari ni wajibu juu yako, na walima, yaani karamu ya ndoa, ni sunna iliyokokotezwa. Yaliyobaki ni ada. Ada njema tunaipenda na tunaitunza, ila haina nguvu ya kumtia mtu kwenye deni.

Walima yenyewe haina kiwango cha chini. Abdurrahman bin Auf (R.A.) alipooa, Mtume (S.A.W.) alimwona ana athari ya manukato ya rangi ya njano, akamuuliza habari zake, kisha akamwambia: "Fanya walima, japo kwa mbuzi mmoja." Hadithi hii imo katika Bukhari na Muslim. Naye Mtume mwenyewe alitofautisha walima zake kulingana na alichokuwa nacho siku hiyo. Kwa Zaynab bint Jahsh alichinja mbuzi, watu wakala mkate na nyama, na Anas (R.A.) anasema hakumwona akimfanyia mke mwingine yeyote walima kubwa kuliko ile. Kwa mmoja wa wakeze alitumia vibaba viwili tu vya shayiri. Hakuna aliyesema huyu kapendwa na yule kadharauliwa.

Sasa nikusimulie walima ya Safiyya (R.A.), mke wa Mtume, maana ndani yake mna jibu la michango. Mtume alikuwa njiani akirudi kutoka Khaybar, mwaka wa 7 Hijria. Ilikuwa safari, hapakuwa na mkate wala nyama. Akaamuru yatandikwe magozi chini, kisha akasema mwenye kitu na akilete. Huyu akaja na tende, huyu na samli, huyu na jibini kavu. Vikachanganywa, ikawa hays, watu wakala. Hiyo ndiyo walima ya Mtume wa Allah! Kwa hiyo kuchangiana katika harusi kuna asili katika dini, na asikwambie mtu kwamba ni bidaa. Jirani akileta mchele, shangazi akaleta kuku wawili, rafiki akatoa 20,000 kwa moyo mkunjufu, pokea na umwombee.

Lakini yatazame yale magozi vizuri. Aliyeleta samli alikaa na akala. Asiyeleta kitu naye alikaa na akala. Ndipo ninapogombana na kadi zetu za siku hizi, na nalisema hili kwa uchungu kwa sababu naona linavyotugawa. Kadi inakuja na kiwango: kwa mtu mmoja kiasi hiki, kwa mtu na mkewe kiasi hiki. Jina lako linaandikwa kwenye daftari la ahadi. Kila jioni kundi la WhatsApp linatangaza nani katoa na nani bado. Usipotoa, kadi ya kuingilia huipati. Bibi mjane aliyekulea mtaani, aliyekuosha matope ukiwa mtoto, anabaki nyumbani kwake anasikia muziki wa harusi yako, kwa kuwa hakuwa na 50,000. Mtume (S.A.W.) alisema, kama alivyopokea Abu Hurayra (R.A.): "Chakula kibaya kabisa ni chakula cha walima wanayoalikwa matajiri na kuachwa mafukara." Mlango wa ukumbi wenye mtu anayekagua kadi unafanya jambo hilo hilo, tena bila hata kificho.

Hukumu yake basi: mchango wa hiari ni halali na una thawabu. Mchango unaotolewa kwa kuogopa kusemwa, huo una shaka, kwani mali ya Muislamu haiwi halali ila kwa ridhaa ya nafsi yake. Waambie kamati walifunge daftari la ahadi. Atakayeleta alete, na kila aliyealikwa ale.

Kuhusu mkopo aliousema mjomba, hapo sina maneno mawili. Ukiwa na riba ni haramu, na Suratul-Baqara, aya ya 278 na 279, imeitangazia riba vita vya Allah na Mtume wake. Mikopo hii ya haraka mnayoiita kausha damu mmeipa wenyewe jina linalotosha. Na hata ukipata wa kukukopesha bila riba, mimi nakushauri usikope kwa ajili ya sherehe. Mama Aisha (R.A.) anasimulia kwamba Mtume ndani ya swala alikuwa akijikinga kwa Allah na dhambi na deni. Akaulizwa, mbona wajikinga sana na deni? Akajibu kwamba mtu akiingia deni, akizungumza husema uongo, na akiahidi huvunja ahadi.

Hadithi hiyo nimeiona kwa macho yangu. Nilikwenda kumpa hongera kijana mmoja, ndoa yake ina mwezi. Tumekaa sebuleni, zulia jipya bado lina mikunjo ya dukani. Simu yake ikaita. Akaitazama, akampa mkewe, akamwambia kwa sauti ya chini: "Pokea, sema nimesafiri." Binti wa watu alinitazama mimi, akaitazama simu, akapokea, akasema mumewe yuko Dar es Salaam. Mumewe alikuwa mkono wake wa kushoto. Nilinyanyuka siku hiyo chai yangu sijaimaliza. Mwezi mmoja tu, na tayari amefundishwa kusema uongo ili kulinda keki iliyokwisha kuliwa. Sikutakii hilo, mwanangu, wala simtakii mchumba wako.

Tuje kwenye kupendeza, kwani binti ametamani siku yake ipendeze na hilo si kosa. Wala usilifanye dogo. Mtume aliruhusu furaha ya harusi na akataka ndoa itangazwe, na dufu lipigwe. Kosa letu ni kuamini kwamba kupendeza kunauzwa ukumbini tu. Sisi watu wa pwani tulikuwa na mapambo yetu kabla ya maturubali ya satini, na mengi yanaota uani. Asumini ya kufunga kwenye nywele inachumwa alasiri ikiwa bado haijafunguka, inatungwa kwa uzi, na ikifika usiku inafunguka yenyewe kichwani mwa bibi harusi. Kikuba cha rehani na viluwa. Singo la kumsugua mwali mpaka ngozi iwe laini. Hina iliyochorwa na mtu mwenye mkono mtulivu (piko, ile rangi nyeusi, jihadharini nayo, wapo waliochomeka ngozi). Nguo zinafukizwa udi juu ya chetezo usiku kucha, na wageni wananyunyiziwa marashi kwa mrashi wanapoingia. Mtu anayeingia nyumba ya namna hiyo anaijua ni ya harusi kabla hajamwona bibi harusi. Gharama ya yote haya haifiki robo ya mapambo ya ukumbi uliyoandikiwa.

Na gauni? Liazimwe. Usione haya. Katika Bukhari imo habari ya mtu aliyeingia kwa Mama Aisha akamkuta amevaa kanzu ya bei ya dirhamu tano. Mama akamwambia amtazame kijakazi wake, anaona kinyaa kuivaa kanzu kama ile ndani ya nyumba, na zama za Mtume yeye alikuwa nayo ya aina hiyo, na hakuwepo mwanamke aliyepambwa Madina ila hutuma kwake kuiazima. Kanzu moja ilizunguka nyumba kwa nyumba kwa mabibi harusi wa Madina, na ndoa zao ndizo tunazozisoma mpaka leo. Tanga haikosi dada au binamu aliyeolewa mwaka jana mwenye gauni lililokunjwa kabatini.

Chakula ndicho ninachokuomba usikibane. Hapo ndipo pesa yako iende, kwa sababu karamu ndiyo sunna, na mgeni akishiba hukuombea. Kilo moja ya mchele wa pilau hutosha watu saba au wanane, kwa hiyo watu 150 ni kilo 20 hivi. Mbuzi wawili wakubwa, kachumbari, ndizi mbivu, sharubati ya ukwaju. Aina moja ya chakula, kingi, cha moto. Tandika mikeka, watu wale kwenye sinia wanne wanne. Pika uani kwa kuni, na wapishi wawe wa mtaa wako, wanaokujua na hawatakuibia nyama. Ukifanya hivyo, katika milioni 2 zako utabakiwa na cha kuanzia maisha, kodi ya miezi kadhaa na godoro.

Akdi, yaani kufunga ndoa kwenyewe, ifanyeni msikitini baada ya swala ya Alasiri, hapalipiwi kitu, na jamaa wa msikitini wote ni mashahidi wa kuitangaza. Tende, kahawa na halua zinatosha kwa wakati ule. Walima inaweza kuwa jioni ile ile, au siku nyingine, wakati wake ni mpana kuanzia akdi na kuendelea. Msisahau taarifa ya kusudio la ndoa, Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inataka siku 21 kabla, na cheti mkichukue.

Mimi nilioa Pangani mwaka 1991, kwa pilau ya mbuzi mmoja. Ninachokikumbuka ni kiganja cha baba mkwe wangu, kigumu kwa kushika makasia, kimeushika mkono wangu wa kulia, nami sauti ya "nimekubali" imenikauka kooni mpaka nikairudia mara ya pili. Mama alikuwa ameazima masufuria nyumba nne, na kila moja lilirudishwa likiwa na pilau ndani. Sikumbuki mapambo yalikuwaje. Nakumbuka mke wangu alinukia asumini.

Swali la wakwe sasa. Kuwadharau ni kuwaficha, ukaja ukawastukiza siku ya harusi. Mtume amesema, katika hadithi ya Uqba bin Amir (R.A.) aliyoipokea Abu Daud, kuwa ndoa bora ni iliyo nyepesi zaidi, na mkwe Muislamu akisikia hilo kwa adabu hulielewa. Usiende wewe mwenyewe kubishana. Mwagize mshenga wako, mtu mzima, aende na salamu, aseme kiasi ulichonacho bila kukiongeza wala kukipunguza. Kama upande wa mke wao wana uwezo na wanataka kumfanyia binti yao sherehe kubwa, ni haki yao, usiwazuie, kwani Allah amesema mwenye wasaa atoe kadiri ya wasaa wake. Wasiidai tu kutoka mfukoni mwako. Kilemba cha baba na mkaja wa mama, zile zawadi za mila kwa wazazi wa mke, ukiweza toa, ni heshima nzuri, ila si sharti la kusihi kwa ndoa.

Na mjomba usimkatalie mbele ya kikao. Mfuate nyumbani, umwamkie, ukae chini. Mwambie: "Mjomba, harusi nitafanya, na wewe ndiye utakayesimamia nyama." Wazee wengi wanaodai ukumbi wanachoogopa ni kusahauliwa siku ya harusi. Akiwa na kazi ya kusimamia, ukumbi ataacha kuutaja.

Allah awabariki nyote wawili, na awakusanye katika kheri. Wallahu aalam.

Mjomba akija na hoja nyingine mlete kwangu, nipo msikitini kila siku baina ya Magharibi na Isha. Madrasa ina masufuria makubwa matatu na masinia 40. Njoo siku mbili kabla, uje na mkokoteni, na mfuniko wa lile kubwa umepotea, itabidi utafute wako.